Oili Iliyovuka Mpaka Bila Ushuru

Namshukuru Mungu, aliyeumba maji kabla hajamwumba fundi wa magari. Angefanya kinyume, sisi wa Malaba, hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, tungekunywa nini?

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, gereji moja karibu na foleni ya malori ilikuwa ikimwaga oili chafu mtaroni. Mtaro uliingia kijitoni, na kijito kilipita shambani kwa jirani yangu, mama mjane aliyelea wajukuu kwa sukumawiki. Majani yakageuka manjano. Yaliyopona yalinuka dizeli hata baada ya kuchemshwa.

Chifu akaitisha baraza, nami nikaombwa kufungua kwa sala. Alitueleza kwamba huko Nairobi kumetungwa sheria mpya: kila mtu ana haki ya mazingira safi, na mchafuzi atasafisha alichochafua. Aliyepiga makofi kuliko wote ni mwenye gereji. Akaahidi mbele yetu kwamba oili yake haitamwagwa tena Kenya.

Mtu wa ahadi, yule. Wiki hiyo hiyo alichimba mtaro mwingine, ukapita chini ya ua hadi upande wa Uganda. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole, kama anayefundisha katekisimu.

"Mzee, sheria ya Kenya inaishia geti la mpakani."

Sheria labda. Kijito hakikuwa na habari hiyo. Kilianzia upande wa pili, kikaipokea oili huko, kisha kikairudisha kwetu hadi kwenye sukumawiki za mama. Sisi wazee wa kanisa tukaunda kamati ya kutafakari. Tulitafakari sana, na chai ilikuwa nzuri.

Mama hakuingoja kamati. Alivuka akazungumza na shemeji zake, maana ukoo wao uko pande zote mbili. Asubuhi moja wanawake wakaja wamejitwika mitungi ya maji meusi, wakaipanga mbele ya gereji, madereva wote wakitazama.

"Ssebo, bwana mkubwa," mmoja wao akamwambia mwenye gereji, "mali yako ilivuka bila ushuru. Tumekurudishia."

Akasema si yake.

"Kama si yako," mama akajibu, "tumwite mtu wa forodha amtafute mwenyewe."

Jamaa akabadilika rangi. Pale mpakani sheria ya kulinda maji ilikuwa hadithi ya Nairobi, lakini forodha ilikuwa na rungu, na yeye alikuwa na vipuri vingi visivyojua njia ya getini. Kabla ya jua kutua alikuwa ameziba mtaro. Baadaye akajenga shimo la saruji, na oili chafu akawa anawapa watu wapake nguzo za ua zisiliwe na mchwa.

Mvua mbili zilipita kabla ya udongo kupona. Mama aliniletea fungu la kwanza la sukumawiki. Nilinusa kwanza, Mungu anisamehe, kisha nikala nikashukuru.

Nawe unayesoma, Bwana akupe maji safi, na majirani wasioogopa kubeba mitungi.