Springi Hazikushuka

Najua mtu akianza na "hiki kilinitokea mimi mwenyewe" unajiandaa kucheka. Cheka, nitakusubiri. Ila ujue haikuwa usiku, haikuwa makaburini, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Ilikuwa alasiri, Nyakato, hapa Mwanza, kwenye gereji yangu ya mabati. Nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu ya mdogo wangu, jua linawaka na redio ya mchomeleaji wa jirani inapiga kelele.

Mdogo wangu anaitwa Masunga, analima mpunga Magu. Mkewe alifariki, na tangu hapo akawa mtu wa kukaa kimya, hata simu anapokea kwa shida. Basi siku hiyo alikuja na mwanamke. Perusi, mwenyeji wa Mara, mwembamba, mpole, amevaa viatu vya kijani. "Shikamoo shemeji," akaniambia kabla hata sijatambulishwa. Nikaitikia marahaba, na moyoni nikafurahi, maana Masunga alishuka garini anacheka peke yake. Kesho yake alitaka kumpeleka kwa mama yetu, anayekaa mtaa wa Pasiansi. Baba hayupo, kwa hiyo mimi kaka mkubwa ndiye niliyetakiwa kusimama na kusema, huyu tumemkubali. Bila neno langu, mama asingekubali ndoa ile.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, inavuta kwa tairi zote nne, na springi zake ni yale mabamba marefu ya chuma yaliyolaliana. Nilikuwa nimemfungia mpya za nyuma. Ngoja nikueleze zinavyokaa, maana usipoelewa hapa utaniona mwongo huko mbele. Katikati, springi inakalia ekseli na kubanwa kwa bolti. Ncha ya mbele imeshikwa na chesisi, haiendi popote. Ncha ya nyuma inaning'inia kwenye vibamba viwili vinavyobembea, kwa sababu springi ikipata mzigo inanyooka, na ikinyooka inarefuka, lazima ipate pa kwenda. Sasa bolti za kwenye ncha hukazi gari likiwa juu ya jeki. Ukikaza hapo, zile bushi za mpira zinabanwa vibaya, gari likishuka zinajinyonga na kuchanika upesi. Unashusha gari kwanza, unalipakia mzigo, ndipo unakaza.

Wengine hupakia mawe. Sisi tunapakia watu. Fundi akiita "Pandeni!", kila aliye karibu anaacha shughuli yake na kurukia nyuma ya gari, maana kesho na yeye atahitaji msaada. Fundi anabaki chini, mkono mmoja kwenye vile vibamba, anahisi springi inavyopokea.

Basi nikaita. Akapanda mchomeleaji, vibamba vikasogea. Akapanda Mama Neema anayetuuzia chai, vikasogea zaidi, wenzake wakamtania, naye akawapa yao. Akapanda Masunga. Kisha nikamsikia akisema, "Na wewe panda, Perusi, msaidie shemeji yako." Nikaona viatu vya kijani vikiinuka kutoka chini. Nikangoja. Hakuna kilichosogea.

"Shemeji, bado?" nikauliza.

"Nimeshapanda."

Nikadhani mkono wangu umekufa ganzi. Nikamwomba ashuke apande tena. Viatu vikatua, vikainuka. Hakuna kitu! Nikatoka chini, nikawaambia wengine washuke, yeye abaki. Springi zikapanda hadi kwenye alama ya chaki niliyokuwa nimeweka gari likiwa tupu. Huwa naweka alama hiyo kila ninapofunga springi mpya. Zikasimama hapohapo kwenye chaki, na mwanamke mzima amekaa ukingoni, ananitazama. Nikaegemea bodi kwa kiganja kimoja tu. Gari likabonyea.

Mchomeleaji alikuwa amesharudi kwenye kazi yake, Mama Neema kwenye sufuria zake. Perusi akainama kidogo. "Umeona, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali usiniharibie. Sijamdhuru mtu." Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama mgeni anayeomba maji ya kunywa.

Wewe ungefanyaje? Mimi niliita watu wapande tena, nikarudi chini ya gari nikakaza bolti. Kazi iliyoanza inamalizwa.

Jioni hiyo, tukinawa grisi nyuma ya gereji, nilimwambia Masunga yote. Nilitegemea anicheke, au akasirike. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Kaka, unadhani sijui?" akasema. "Kwenye majaruba ya mpunga mimi nazama mpaka magotini. Yeye anapita juu ya tope, hata unyayo hauonekani. Tukilala, godoro upande wake halibonyei."

"Na bado unataka kuoa?"

"Nilikuwa nalala naomba nisiamke, kaka. Sasa naamka mwenyewe, nina hamu ya kwenda shambani. Kesho useme utakavyoona. Ila ukimkataa, usije kuniuliza tena habari za asubuhi."

Nilikuwa nimemwona akizikwa polepole akiwa hai, na leo alikuwa amesimama mbele yangu anapiga mluzi. Kesho yake, sebuleni kwa mama, nilisimama nikasema tumemkubali. Mama akamkumbatia mkwewe, akaniangalia juu ya bega lake. "Huyu mtoto anakula kweli?" akauliza. Watu wakacheka.

Wakaenda Magu, wakaishi vizuri. Amini usiamini, sikuwahi kusikia wakigombana. Nyumba ilipigwa rangi, shamba likaongezwa. Kila Masunga alipoleta pikapu nilimwambia apande nyuma, nikishika vile vibamba. Mara ya kwanza vilisogea kidogo kuliko zamani, nikajiambia bolti zimeshika kutu. Nikazipaka grisi. Mara ya pili vilisogea kidogo zaidi ya hapo, nikazibadilisha kabisa, na zile za zamani zilikuwa nzima.

Baada ya mavuno nikaenda kwao. Masunga akanipokea mlangoni, tukakumbatiana, nikambeba kidogo kama ninavyofanya tangu utotoni. Mungu wangu! Alikuja juu kama gunia tupu. Na usidhani alikuwa amekonda. Mashavu yamejaa, shati linambana. Miguu yake ikaning'inia hewani na yeye anacheka: "Niweke chini, mimi siyo mtoto!"

Nilimweka chini nikalia, mtu mzima mimi. Nikamwambia turudi Mwanza, aachane na ndoa hii, nimfungulie hata banda la vipuri. Akatikisa kichwa taratibu. "Nikimwacha, nitarudi kulekule ulikonikuta. Kule sirudi, kaka." Perusi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, khanga mdomoni, machozi yanamtoka. "Sikujua kama itamfikia na yeye, shemeji," akasema. "Kweli sikujua." Nami nilimwamini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ningepata mtu wa kumchukia ningejua la kufanya.

Sasa hivi kila Jumapili nikitoka kanisani naenda Magu. Nampelekea samaki, nyama, ndizi, nakaa naye mpaka amalize sahani. Haisaidii chochote. Mama hajui, anafikiri tumekuwa marafiki sana uzeeni.

Nawe unayenisikiliza, kama una ndugu aliyefiwa, huzuni ikamkalia, usifurahie tu siku unapomwona anacheka. Muulize ni nini kilichomchekesha. Kaa naye, mguse, kabla wengine hawajamzoea. Wapo watakaomfariji bila ubaya wowote, na bado wakaondoka naye.

Wiki hizi mvua zinakaribia na upepo wa ziwani unafika mpaka kule shambani kwao. Tukitoka nje, Perusi anamshika mkono wa kushoto na mimi nashika wa kulia. Masunga haulizi kwa nini. Jumapili iliyopita nilihisi yeye pia amenikaza vidole.