Spika ya Kuua Mlio wa Transfoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa, nikaambiwa nipanguse mafuta na nisiulize kitu. Ilikuwa miaka ya hamsini, stesheni ya umeme ya mjini Unguja. Mimi muulizaji tangu utotoni, kwa hiyo amri ile niliiona adhabu.

Baadaye nikawa msaidizi wa Mhandisi, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni. Uchochoroni palikuwa na transfoma, lile sanduku la chuma linalopunguza nguvu ya umeme kabla haujaingia majumbani. Lilivuma kutwa. Ofisa mmoja mkubwa, ambaye dirisha lake lililielekea, alilalamika. Upande wa pili aliishi Bi Zuwena, mwalimu wa chuo aliyenisomesha Kurani mimi mwenyewe. Yeye hakulalamika, ingawa sauti yake ilishazeeka na wazazi walikuwa wakiwaondoa watoto kwa kuwa hawamsikii.

Mhandisi akaleta spika kubwa.

"Tutapiga mlio ule ule, lakini kinyume chake," akasema. "Wimbi moja likipanda, la pili linashuka. Yatauana."

"Kama michi miwili kinuni, bwana?"

"Naam! Hivyo hasa."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Nimekua nikisikia michi miwili, sijapata kuisikia ikinyamazishana.

Alisimama dirishani kwa ofisa, mimi nikabaki chini nikirekebisha ampilifaya, mashine ya kukuza sauti. Ghafla akainua mkono. Nilipanda kusikiliza: kweli, mlio umekufa! Niliposhuka hatua chache ukafufuka, na barazani kwa Bi Zuwena ulikuwa maradufu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hebu nambie mwanangu, nyie mnaondosha kelele au mnazileta?"

"Tunaondosha, Bi, kwa kelele nyengine."

"Makubwa haya! Dawa ya moto ni moto, nshasikia. Dawa ya kelele kelele, sijasikia. Jana nlikuwa na watoto tisa, leo wane."

Nilimweleza Mhandisi. Akasema kimya kile hakitoshi mahali pawili, na aliyelalamika ni ofisa. Nilikasirika.

Asubuhi ya ukaguzi, kabla Mhandisi Mkuu, bosi wa Mhandisi wangu, hajafika kuijaribu spika, niliisogeza spika kwa kubahatisha mpaka barazani kwa Bi Zuwena pakatulia. Nikawasikia watoto wakimfuatisha herufi moja moja. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Dirishani mlio ukawa mbaya kuliko mwanzo. Mhandisi Mkuu akasema, "Huu ni mchezo wa watoto," akaondoka.

Mhandisi akanigeukia. "Umegusa kitu?"

"Sijagusa, bwana."

Akazipitia hesabu zake mara tatu, hakuona kosa. Jioni tukaishusha spika. Mlio ukarudi pande zote, na haukupita muda Bi Zuwena akafunga chuo. Basi sikumsaidia hata yule niliyemdanganyia.

Nilihamishiwa Mtoni, kisha Mkokotoni, nikastaafu huko. Majuzi binti yangu alinivisha visikilizio masikioni, na jenereta la jirani likanyamaza. Akaanza kunieleza kuwa vinatoa sauti iliyo kinyume. Nikamwambia najua, nikavivua.

Bi Zuwena nilimwomba radhi kabla hajafariki, akanisamehe huku akicheka. Mhandisi aliondoka kisiwani akiamini amekosea. Alikuwa sahihi, na mtu pekee aliyelijua hilo ni mimi niliyemwambia sijagusa.