Kahawa ya Koti

Watu waliomjua Lucia Mtewele uzeeni pale Makambako wanamkumbuka kwa jambo moja lililowaudhi: hakunywa kahawa ya mtu mpaka amwone mwenyewe ameinywa kwanza. Hata kwa mchungaji. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akamkodolea macho mwenyeji wake mpaka mwenyeji akaelewa, akapiga funda lake, ndipo naye akainua chake. Wengi walisema ana kiburi. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, mpaka nilipoelezwa habari ya mumewe Kornelio. Tangu hapo kila alipokuja kwangu nilikunywa upesi kabla hajaniangalia.

Kahawa alijifunzia Njombe, enzi za Mwingereza, alipokuwa msichana wa kazi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa mashamba ya miti ya miwati. Jioni za baridi bibi wa nyumba ile alijitengenezea kinywaji chake mwenyewe, maana hakumwamini mtu yeyote na chupa ya brandi. Lucia alisimama mlangoni na sinia, akitazama. Sukari inaunguzwa kidogo sufuriani mpaka iwe na rangi ya udongo. Kahawa nzito inamiminwa juu yake ingali inachemka. Kisha brandi, kisha malai ya maziwa yanashushwa kwa mgongo wa kijiko, taratibu, yasizame. Yule bibi hakujua kwamba anafundisha, na wala hakuuliza kwa nini binti yule anachelewa kuondoka na sinia.

Kuonja hakuonja. Siku ya kipaimara Lucia aliapa mbele ya usharika kwamba pombe haitagusa midomo yake, na Lucia alikuwa mtu wa neno lake. Midomo yake, alisema. Juu ya mikono yake hakuapa kitu, na hapo ndipo mimi humcheka kidogo, Mungu amrehemu.

Aliolewa na Kornelio, fundi cherehani, Mkatoliki aliyelelewa misheni, na ndoa yao iliwakasirisha wachungaji na mapadri kwa kipimo kilekile. Ili kukwepa kelele za ndugu wakahamia Makambako, njia panda, pale malori ya Iringa, ya Mbeya na ya Songea yalipokutana. Shamba hawakuwa nalo. Walichokuwa nacho ni macho ya Kornelio. Aliweza kutunga uzi kwenye sindano jua limekwisha kuzama, amesimama tu mlangoni. Suti iliyoliwa na panya aliishona mpaka mwenyewe asione palipokuwa na tundu. Makarani waliagiza suruali kwake kutoka Njombe, na chakula, karo ya binti yao Ida, mabati ya nyumba, vyote vilipitia kwenye macho yale. Lucia alikuwa akisema, "Baba Ida akipata mafua mimi silali, lakini akipata kibanzi jichoni mimi nakufa." Watu walidhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi, na ilikuwa hesabu pia.

Madereva walikuja kwa Kornelio kushonewa makoti yao, na walipokuwa wakingoja walitetemeka. Nani asiyelijua baridi la Makambako? Lucia akawahurumia, akawapikia kahawa jikoni kwake. Kahawa ilitoka Umatengo, ikiletwa na dereva mmoja aitwaye Romanus, mtu mnene mwenye kicheko. Lucia aliikaanga mwenyewe, akaitwanga kwenye kinu. Sukari aliiunguza kama alivyoona Njombe. Malai aliyapata kwa jirani mwenye ng'ombe. Brandi hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo angefungwa, maana enzi hizo Mwafrika alikatazwa pombe kali. Basi mahali pa brandi akaweka gongo, ambayo nayo ilikuwa kifungo, lakini kifungo kilicho karibu na nyumbani.

Gongo aliletewa na Manase, mdogo wake wa kiume. Manase alikata ulanzi kwenye mianzi ya bondeni kwao, akauacha uchachuke, akaukeneka mafichoni. Madereva wakainywa kahawa ile, wakafungua vifungo vya shingoni, na Romanus akasema, "Huyu mama ametuvisha koti la ndani." Jina likashika. Mtu akishuka kwenye lori huku meno yanagongana alisema, "Kamwene, Mama Ida, nivishe koti." Hakuna askari aliyeweza kumshika mtu kwa kuomba koti.

Sasa, kwa Wabena, watu wa kwao Lucia, pombe ina adabu yake, na adabu hiyo ni ya tangu zamani. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna kitu ndani. Aliyeileta naye hupiga funda lake. Lucia, kwa ajili ya kiapo chake, hakuweza kuonja, kwa hiyo Kornelio alionja badala yake. Kila jioni kikombe cha kwanza kilikuwa cha Kornelio. Aliinuka kwenye cherehani, akapangusa mikono, akanywa, akapiga ulimi, akasema, "Halali," na wengine wakapewa. Manase naye alipoleta chupa alifungua kizibo na kunywa hapo hapo kabla hata hajakaribishwa kiti. Kwa muda mrefu ilikwenda hivyo, na hakuna aliyeumwa hata kichwa.

Ulanzi lakini ni wa mvua. Mvua zikikatika mianzi inakauka, na ukikata ncha hupati hata tone. Kwa hiyo kila mwaka, baridi lilipoanza kuuma kweli, gongo ilikwisha, na Lucia aliwapa madereva kahawa ya tangawizi. Walinung'unika, wakainywa. Mwaka ule pia Manase alileta chupa za mwisho mwezi wa tano, akasema, "Dada, hizi ndizo. Mpaka mvua tena." Kisha akaenda Njombe, akapata kazi kwenye karakana ya seremala mmoja, kupiga vanishi meza na makabati.

Mwezi wa saba akarudi. Alikuja mchana, ukungu haujaondoka vizuri, amevaa viatu vipya, amebeba kikapu kilichofunikwa majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na chupa.

"Umeitoa wapi hii?" Lucia akamwuliza. "Mianzi imekauka."

"Nilikuwa nimeificha, dada."

"Mwezi wa tano uliniambia zimekwisha."

"Nilisahau."

Mtu anayekeneka gongo kwa kujificha hasahau chupa alikoziweka. Lucia alilijua hilo, na mimi nalijua, na Manase alijua kwamba dada yake analijua. Lucia akainua chupa moja, akaipeleka dirishani. Gongo ya Manase ilikuwa nyeupe kama maji ya mvua. Hii ilikuwa na kivuli cha zambarau, kidogo sana, kama maji uliyosuuzia kalamu ya wino.

"Na rangi hii?"

"Chupa ilikuwa ya wino. Niliiosha, haikutakata."

Akatazama ya pili. Nayo ilikuwa na rangi ileile. Alichokumbuka baadaye, na alichokirudia kwa miaka mingi kila aliposimulia, ni kwamba Manase alikaa kitini, akala ugali, akasifu mboga, akauliza habari za Ida, na muda wote huo hakufungua kizibo. Lucia alipomsogezea kikombe alijishika tumbo. "Leo tumbo linanisumbua, dada." Ugali alioumaliza ulikuwa wa watu wawili.

Hofu ilimwingia hapo. Angezimwaga. Najua ni rahisi kwangu kusema hivyo nikiwa nimekaa, lakini angezimwaga. Badala yake akaziweka nyuma ya mtungi na kujiambia ataamua jioni.

Jioni lori la Romanus likaingia kutoka Songea, na mengine mawili nyuma yake. Baridi siku ile lilikuwa la kuua kuku. Madereva wakajazana jikoni, wakanyoosha mikono motoni, na Manase, ambaye angeweza kunyamaza, akasema kwa furaha, "Leo koti lipo, jamaa!" Wakashangilia. Wote wakamgeukia Lucia.

Akaunguza sukari. Akamimina kahawa. Alipofungua chupa harufu ikampiga, kali, kavu, harufu ya meza mpya. Akaweka kijiko kimoja, kisha cha pili. Ile zambarau ikazama kwenye weusi wa kahawa na kupotea kabisa. Akashusha malai juu. Kikombe kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na alikishika asikitoe.

Kornelio akainuka kwenye cherehani, akapangusa mikono yake.

"Usionje leo, Baba Ida," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Kwa nini?"

"Sijui. Siipendi harufu yake."

"Mlutheri amekuwa mjuzi wa harufu ya gongo!" Kornelio akacheka, na jiko zima likacheka naye. "Nisipoonja mimi ataonja nani? Wewe?"

Hapo Lucia akakiinua kikombe mpaka karibu na midomo yake. Aliniambia mwenyewe: mvuke uligusa pua yake. Alitaka apige funda moja, aone kama ulimi utamwambia kitu. Lakini akamwona mchungaji, akaliona kanisa la Njombe na gauni lake jeupe la kipaimara, na mkono wake ukakataa. Alikuwa akifikiria kiapo wakati ilimpasa afikirie chupa. Kornelio akakichukua kikombe kwa upole kutoka mkononi mwake, akanywa, na kwa kuwa alikuwa amekaa siku nzima kwenye baridi akishona, hakuishia kwenye funda. Alikimaliza. Akapiga ulimi.

"Tamu," akasema. Hakusema halali. "Niongeze."

"Hapana." Lucia akamimina kikombe kingine kutoka chupa ileile, hakukitia malai wala sukari, akampelekea Manase. "Aliyeleta hajaonja. Kunywa."

"Dada, nimekuambia tumbo."

"Funda moja."

"Dada."

"Kunywa, Manase, wanaume hawa wakuone."

Manase akakitazama kikombe, akawatazama watu, akaanza kulia. Akasema ni spiriti ya karakana, ile ya kuchanganyia vanishi. Akasema ameichuja kwa mkaa, ameichuja tena, rangi karibu yote imetoka, na mtu mmoja Njombe alimwambia ikichujwa kwa mkaa inakuwa safi. Aliamini hivyo. Aliamini vya kutosha kuwaletea wengine, lakini si vya kutosha kuinywa. Mimi Manase simwonei huruma hata leo, na amekwisha kufa.

Lucia alimwaga kila tone kwenye majivu. Madereva walitoka mmoja mmoja, vikombe vyao havijatiwa kitu. Romanus peke yake alibaki. Lucia akamnywesha Kornelio maji ya chumvi mpaka akatapika, kisha maziwa, kisha maji ya chumvi tena. Romanus akasema lori lipo, wakipanda sasa watafika Njombe hospitali.

Kornelio ndiye aliyekataa. Alikuwa ameketi kitandani amejifunga blanketi, anacheka, amelewa kidogo tu. "Niende nikaseme nini? Nimekunywa nini, nimepewa na nani? Daktari ataandika, askari watakuja, na Mama Ida atalala rumande kwa kikombe kimoja nilichokwisha kutapika. Nitazameni. Naumwa mimi?" Akachukua sindano kutoka kwenye ukosi wa shati lake, akauramba uzi, akautunga kwa mwanga wa moto, mara moja tu, bila kukosea. "Umeona?" akamwambia mkewe. Lucia akaona. Hiyo ndiyo iliyomshinda. Akamwacha alale.

Romanus alilala ndani ya lori lake pale uani, maana hakuamini kwamba mtu aliyekunywa kitu kile ataamka salama. Alikuwa na akili yule mtu mnene.

Asubuhi Lucia aliamka mapema, akamsikiliza mumewe anavyopumua, akaona anapumua vizuri, akamshukuru Mungu. Akawasha moto. Kahawa hakupika, alichemsha uji. Akafungua mlango wa nje, na jua likaingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Ilikuwa asubuhi ya nadra kwa mwezi ule. Umande ulioganda ulimetameta juu ya nyasi, anga lilikuwa tupu, milima ya upande wa Njombe ilionekana yote, na kioo cha lori la Romanus kiling'aa hata ukashindwa kukitazama.

Kornelio akajiinua. Akageukia mlangoni, akasugua macho kwa kiganja, akasugua tena.

"Mama Ida," akasema, "ukungu wa leo ni mzito."

Lucia alisimama na mwiko mkononi. Nje, Romanus alikuwa anapangusa kioo cha lori lake juani, na uso wake ulipoinuka na kukutana na wa Lucia akaacha kupangusa.

"Ndiyo, Baba Ida," akajibu. "Mzito sana."

"Leo sitaweza kushona mpaka uondoke. Lile koti la karani linangoja."

"Litangoja."

Akaweka mwiko chini. Akalichukua koti lake Kornelio kwenye msumari, lile alilojishonea mwenyewe mwaka waliohamia, akauingiza mkono wake mmoja, kisha wa pili, akamfunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini. Mumewe aliacha afungwe, uso ameuelekeza mlangoni kwenye jua lile lote, akingoja ukungu uinuke.