Kifungua Mkoba cha Bibi

Juzi nilikuwa sokoni Manundu nikichagua nyanya, akapita mwanamke mmoja na fungu la kivumbasi kwapani. Ile harufu kali, yenye utamu kwa mbali, ikanijaa puani. Niliacha nyanya nikaanza kuizunguka meza bila kujua natafuta nini. "Vipi, dada, umedondosha hela?" akaniuliza muuzaji. Nikacheka tu. Ningemwelezaje kwamba nikinusa kivumbasi miguu yangu haitulii? Bibi alikuwa akinifikichia majani yale puani kila nilipozinduka baada ya kuanguka.

Ndiyo, nilikuwa na kifafa, tena nililelewa na mganga wa kifafa. Chekeni tu, wenzenu wa kijijini kwetu Mazingara walicheka pia, ila kwa siri. Bibi, mama mzaa baba, alijulikana hadi Makuyuni kwa dawa ya ugonjwa huo. Wagonjwa wake walipona, au walisema wamepona. Mimi nilikunywa mizizi ile ile, michungu hadi masikio yananiuma, nikashika na miko yote: sikula kichwa cha mbuzi, sikugeuka nyuma nikitoka kisimani. Nikaendelea kuanguka.

Kuanguka kwenyewe hakukunisumbua, maana wakati huo mimi sikuwapo. Kilichonimaliza ni kungoja. Nilikula nimesimama. Nikitumwa kuni nilikwenda mbio na kurudi mbio, kana kwamba ugonjwa ungenikosa nikiwa na haraka. Watoto wenzangu hawakula nami sahani moja, wakiogopa povu langu. Siku niliyoangukia mafiga na kuungua mkono, bibi alinifunga jeraha, kisha akakaa kutwa nzima akiutazama mkoba wake wa dawa.

Haukupita muda akaja mtafiti wa mimea ya dawa. Alikuwa dada mwembamba wa chuo kikuu, na ndani ya gari lake mlikuwa na magazeti makuukuu ya kukaushia majani, yamebanwa kati ya mbao mbili kwa mikanda. Aliamkia shikamoo huku amepiga goti, bibi akapenda. Wakazunguka uani, huyu akiuliza, huyu akijibu, mimi nikiwakanyaga visigino. Kwenye kivumbasi dada akasimama. Akatuambia mmea ule ni wa ukoo mmoja na mmea wa Ulaya uitwao seji, ambao watu wa huko huunywa kama chai, na wataalamu wanauchunguza waone kama kweli unasaidia kumbukumbu.

"Hawa ni ndugu kabisa, bibi."

"Ndugu gani huyo," bibi akasema, "hata msibani hajawahi kuja?"

Lakini alichokifuata dada hasa ni mzizi wa kifafa. Alitaka kuupeleka maabara wakaupime, wajue ndani yake mna nini. Hapo ndipo penye desturi. Mganga hafungui mkoba mikono mitupu. Hutangulia kwanza kitu, ndicho kifungua mkoba, na bila hicho dawa haishiki. Dada alilijua hilo. Akaweka mkekani doti ya kanga na sukari. Nilipoziona kanga nilirukaruka hadi bibi akanikata jicho.

Hatukuwa peke yetu. Barazani alikuwa amekaa baba mmoja wa Makuyuni, amemleta mwanawe wa rika langu, mgonjwa kama mimi. Kifungua mkoba chake kilikuwa kuku, amemfunga kwenye mguu wa kigoda, naye alikuwa akingoja zamu.

Bibi akazisogeza kanga pembeni. Mambo ya mkoba siku zote aliyasema kwa kunong'ona, lakini siku ile alipaza sauti. "Kifungua mkoba changu ni huyu mjukuu wangu. Mpeleke hospitali Korogwe wampe vidonge vya kifafa, na mimi unioneshe pa kuvichukua. Dawa yangu kwake imeshindwa. Nimejaribu kila namna, imeshindwa."

Dada akababaika. "Bibi, haya tungeyazungumza ndani..."

"Nimeshayazungumza."

Baba wa Makuyuni akainuka. Akamfungua kuku wake, akamshika mwanawe mkono. "Kumbe siku zote unatulisha mizizi tu, mama!" Bibi aliingia ndani, akatoka na mzizi, akamkabidhi dada kwa mikono miwili.

Mimi nililia, kwa sababu nilielewa jambo moja tu: bibi amechoka nami, amenitoa kwa wageni. Njia nzima hadi Korogwe nilihama kiti, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena. "Umeniuza," nikamwambia. Alinishika goti, akatazama nje.

Vidonge vilinifaa. Kuanguka kulipungua, halafu kukakoma. Ule mzizi sikupata kusikia maabara waliona nini ndani yake. Utafiti nao una mwendo wake. Ila uani kwetu palipooza. Nilimuuliza bibi mbona wagonjwa hawaji, akasema ni msimu wa kilimo. Msimu huo uliendelea hadi nikamaliza shule.

Siku moja tulikwenda kuchukua vidonge, tukawakuta kwenye benchi la kliniki yule baba na mwanawe. Mtoto alikuwa akitafuna muwa. Baba aligeuzia uso ukutani, hakumwamkia bibi. Nilikasirika hadi nikataka kumwambia neno. Bibi akanibana mkono, na nilipomtazama alikuwa amechangamka kama mtu aliyeletewa mahari. Nikadhani anamcheka.

Bibi alikuwa ameshazikwa siku nilipokaa nikajiuliza swali ambalo mtoto hajiulizi. Kwa nini hakumvuta yule dada nyuma ya nyumba akamnong'oneza haja yake? Ningepelekwa hospitali vile vile, na jina lake lingebaki. Na kama bibi angemwambia yule baba pembeni aende hospitali, baba angedhani anadaiwa kuku wa pili. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, machozi yakinitoka. Mimi nilikuwa nimeshapata gari la kunipeleka hospitali. Sauti ile aliipaza kwa ajili ya mtoto wa Makuyuni.