Shikamoo Iliyomponza Kaka Ramso

Wenzangu, siku ile sikutulia hata kidogo. Nahudumia wateja kwenye mgahawa hapa Mikumi, na kaka yangu Ramso, anayesoma Uturuki, alikuwa anacheza fainali ya gemu la mpira akiwa chumbani kwake. Mama yetu, anayeishi Kilosa, aliambiwa Ramso yuko kwenye mtihani. Siri hiyo niliijua mimi tu.

Ramso akanipigia ili nisikilize mechi. "Mdogo wangu, zima maiki. Ukiongea tu, umeniua."

"Sawa kaka!" Nikabonyeza alama ya spika, nikadhani nimezima maiki. Utaalamu wangu wa simu unaishia hapo. Nikaiweka kando ya sahani za chapati, nikawa naenda na kurudi kama kuku anayetaka kutaga. Mteja kaomba maharage, nikampelekea chai. Mechi ikawa bao moja kwa bao moja, dakika za mwisho!

Kugeuka, mama huyu hapa mlangoni na kapu la mchele. Kwetu ukichelewa kumwamkia mzazi, umekosa adabu. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama!"

Kabla mama hajajibu, simu ikadakia. Kaka yangu hata umwamshe usingizini, akisikia mama yupo ataamkia tu.

"Shikamoo mama! Mungu wangu, jamaa kanifunga!"

Mama akatua kapu taratibu, akaiinamia simu.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe kwenye mtihani huko mnafungana?"