Mlango Unaofungukia Ndani

Tangu asubuhi ile alipokuta ramani zake zimelazwa mezani kichwa chini miguu juu, Rula alijua kuna mtu anamchimba. Na katika ofisi yenye watu wachache kama ile, wa kumshuku alikuwa mmoja tu.

Jina la Rula alilipata chuoni, kwa sababu mistari yake ilinyooka hata alipochora kwa mkono mtupu. Jina la nyumbani lilibaki kwa mumewe, dereva wa lori la safari ndefu aliyeonekana nyumbani kwa nadra kama mwezi wa mchana, na kwa wifi yake aliyemlelea mtoto. Alijifungua akiwa bado mwanafunzi, na majirani wakasema basi, hapo masomo yamekwisha. Mtihani wa mwisho aliufanya kifua kimejaa maziwa mpaka blauzi ikalowa, mtoto akilia nje mikononi mwa wifi. Alifaulu. Majirani walewale wakaja kumpongeza, wakasema wao walijua tangu mwanzo.

Ndipo akapata kazi kwenye ofisi ya wahandisi wa usalama wa moto, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Wenye majengo walikuja pale na swali moja: moto ukizuka, watu wetu watatokaje? Kazi ya ofisi ilikuwa kulijibu kwa ramani. Wageni walioajiriwa siku hiyo walikuwa wawili, Rula na kijana mmoja mrefu, shingo ndefu, mpole kupita kiasi. Kabla chai haijapoa kila mtu alikuwa anamwita Twiga.

Bosi aliwapokea wima. Alikuwa mhandisi mfupi mwenye sauti ya kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Hapa hatuamini kitu," aliwaambia. "Mlango umeandikwa wa dharura? Usukume. Kengele imepakwa rangi nyekundu ikapendeza? Ilize. Mwenye jengo akikwambia ufunguo upo, mwambie akuoneshe. Moto hauna adabu, wanangu. Haupigi hodi."

Maneno hayo yalimwingia Rula mpaka kwenye mifupa. Alirudi nayo nyumbani. Akahamisha kitanda kilichokuwa kinazuia mlango, akakagua waya wa pasi, na kila jioni alipoingia alianza kwa kunusa.

"Wifi," alisema wifi yake siku moja, mtoto kiunoni, "hata salamu hujatoa, pua iko hewani! Mimi nimepika, sijachoma nyumba ya kaka yangu."

"Nazoea kazi tu, wifi."

"Kazi gani hiyo ya kumfanya mtu awe kama mbwa wa polisi? Haya, mshike mwanao. Na usimnuse!"

Walicheka. Lakini ukweli ni kwamba shaka, ukishaizoea, haikai kwenye majengo peke yake. Huanza na milango, ikahamia kwa watu.

Aliyeichochea alikuwa dada wa mapokezi. Alimvuta Rula pembeni, karibu na birika la chai, akanong'ona, "Mwaka jana waliingia wawili, akabaki mmoja. Mwaka juzi vilevile. Mimi sisemi kitu, dada."

Kwa kutosema kitu huko, akawa amesema vya kutosha. Rula alikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Asipothibitishwa, angerudi kukaa nyumbani kusubiri lori, na wale majirani wangesema tena kwamba wao walijua. Kuanzia siku hiyo akaanza kumtazama Twiga kwa jicho la pembeni.

Na Twiga alikuwa na mambo yake. Siku walipopima ngazi za jengo moja la benki, Rula alimaliza upande wake, akashuka, kisha akakumbuka amesahau futi juu. Aliporudi alimkuta Twiga amepiga magoti, anapima ngazi ileile aliyoipima yeye.

"Unatafuta nini?" aliuliza Rula.

"Kalamu. Nimeangusha kalamu."

Kalamu ilikuwa imechomekwa sikioni mwake.

Siku nyingine Rula alitoka chumba cha stoo alikokuwa anajikamulia maziwa, akawaona Twiga na Bosi nyuma ya kioo, vichwa vimeinamia karatasi moja. Walipomwona, karatasi ikageuzwa. Twiga akamtolea tabasamu. Tabasamu la nini? Rula alilibeba tabasamu lile mpaka nyumbani, akaligeuza huku na huku usiku kucha kama mtu anayekagua noti bandia.

Naye Rula, Bosi alikuwa amempa kazi moja aliyoipenda. Mara kwa mara alimwachia bahasha ya ramani zisizo na jina. "Kagua. Usiulize za nani, na usimwambie mtu." Rula alizikagua kwa kalamu nyekundu, bila huruma. *Hapa watu watakanyagana. Hapa moshi utawatangulia. Huyu aliyechora, amewahi kukimbia kweli?* Hakujiuliza ni nani anayezipokea zile nyekundu zake. Za kwake mwenyewe aliamini zinakaguliwa na Bosi, basi.

Shaka ikimjaa mtu hutafuta ushahidi. Rula akaamua kutega.

Alikuwa anachora ukumbi wa chuo cha ushonaji, uliokuwa unakarabatiwa. Ukumbi wa watu wengi, sheria yake hata mtoto wa ofisi ile aliijua: milango ifungukie nje. Watu wakikimbia husukuma. Mlango ukifungukia ndani, wa mbele hubanwa na wa nyuma, na umati wenyewe ndio unaokuwa kufuli. Rula akaichora milango mikubwa ya ukumbi ule ifungukie ndani. Makusudi. Kosa la wazi, la kupiga kelele. Bosi hakuwepo, amesafiri mpaka kesho. Rula aliiacha ramani mezani, juu kabisa, akaenda zake. Akirudi Bosi na kumwita kuhusu mlango huo kabla hata hajakabidhiwa ramani, basi mchongezi ni Twiga. Hapo Rula angesema, "Bosi, lile ni kosa la mtego," na kutoa nakala sahihi aliyokuwa ameificha kwenye mkoba wa nepi.

"Wifi, umesomea moto au upelelezi?" aliuliza wifi aliposimuliwa. "Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo."

"Huyu yumo, wifi. Yumo mpaka shingoni, na unajua shingo yake ilivyo."

Kesho yake, mapema, Twiga alimfuata kwenye ngazi. Alitazama nyuma kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Rula, kuna mlango mmoja nataka kukuuliza."

Moyo wa Rula ulidunda kwa furaha mbaya. Kumbe! "Mlango gani? Umeuona wapi?"

"Nisikilize kwanza..."

"Milango yangu haikuhusu, kaka. Kauangalie wa kwenu."

Twiga akapanda juu. Rula alikaa mezani siku nzima akisubiri kuitwa. Bosi alirudi, akapita, akasema habari za kazi, akaingia ofisini kwake. Hakumwita mtu. Ilipofika saa ya kutoka, ramani haikuwepo tena mezani. Rula alikuwa anasimama akaiulizie ndipo simu ikalia. Wifi.

"Njoo. Mtoto anachemka."

Mama akishasikia hivyo, dunia nyingine yote huzimika. Alishuka ngazi mbilimbili. Usiku huo na siku zilizofuata alikuwa zahanati, mtoto kifuani, kitambaa cha maji paji la uso, akimhesabia pumzi. Ukumbi, milango, Twiga, vyote vilimtoka kichwani kana kwamba ni vya mtu mwingine. Mpaka homa iliposhuka, mtoto akamvuta pua na kucheka, ndipo alipopata nafasi ya kukumbuka, na alipokumbuka akamwachia wifi mtoto, akakimbia.

Aliingia ofisini bila salamu.

"Ramani ya chuo cha ushonaji iko wapi?"

"Pole na mgonjwa," alisema dada wa mapokezi. "Ile? Bosi aliichukua mezani kwako, akaipeleka kwa mkaguzi, akaisaini siku ileile uliyoondoka. Ilirudi kwake haina alama hata moja, akakusifu kweli. Seremala kaichukua zamani. Leo si ndiyo wanafungua ukumbi? Wazazi wote wamealikwa."

Rula hakumbuki alivyofika. Anakumbuka watu wamevaa vizuri wakiingia kwa makundi, na milango mipya inang'aa vanishi, na mlangoni, katikati kabisa, amesimama Twiga. Alikuwa ameegemeza benchi kila upande ili milango isifungike, na yeye mwenyewe amejibana pale kama nguzo ya tatu. Mkuu wa chuo, mama mnene mwenye kilemba, alikuwa anamfokea.

"Kijana, vumbi linaingia! Funga milango tuanze!"

"Haifungwi, mama. Samahani. Hairuhusiwi."

"Na nani?"

"Na huyu hapa," alisema Twiga, akimwonesha Rula aliyekuwa anahema.

Wazo la kwanza la Rula, na tusimfiche, halikuwa shukrani. Alifikiri: amekuja kukusanya ushahidi. Amenishika.

"Mama," alimwambia mkuu wa chuo, "milango imekosewa. Ibaki wazi hivihivi mpaka shughuli iishe, na pasiwe na kiti hata kimoja hapa njiani. Kosa ni langu."

Mkuu wa chuo aliwatazama mmoja mmoja, akasonya, akaingia. Rula akamgeukia Twiga.

"Uliiona."

"Niliiona."

"Kumbe mkaguzi wa ramani zangu ni wewe, si Bosi. Kwa nini hukuweka nyekundu?"

Twiga alifuta jasho. "Kwa sababu wewe hukosei. Nimepima ngazi zako, nimepima milango yako, nimetafuta kosa mpaka nikachoka. Nikaona hili nikasema, huyu mtoto wake anaota meno, halali, kapitiwa. Nikikutia nyekundu ya mlango, Bosi hakuthibitishi. Nikataka nikwambie mwenyewe, ubadilishe kimyakimya. Ukanifukuza kwenye ngazi."

"Ungesema kwa nguvu!"

"Kwa mtu anayeandika *huyu amewahi kukimbia kweli?* Rula, nimesoma nyekundu zako miezi yote hii. Nakuogopa!"

Kumbe zile ramani zisizo na jina. Kumbe kila mmoja wao alikuwa anamchimba mwenzake kwa amri, na kila mmoja akidhani anachimbwa peke yake.

Au ndivyo Twiga anavyosema sasa, kashikwa? Shaka haikuondoka. Ilisogea tu, ikaipisha aibu ikae.

Walimkuta seremala nyuma ya ukumbi anakusanya misumari. Rula alimwomba ageuze milango jioni hiyo, watu wakishatoka.

"Dada yangu, mimi nageuza hata dunia," alisema seremala, "lakini kwa saini. Nikigeuza kwa maneno ya mdomo, kesho mlango ukimpiga mtu pua, nitaambiwa fundi alikuwa amelewa. Na mimi hata sinywi."

Saini ilikuwa ya Bosi. Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea. Twiga alibaki kulinda milango. Rula akarudi ofisini, akasimama mbele ya meza ya Bosi na nakala sahihi iliyokunjwa, inayonuka poda ya mtoto, akaeleza yote. Hakumtaja Twiga. Alisema mtego, milango, homa, basi.

Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Alisaini nakala ile kwanza, akagonga muhuri, ndipo akasema, "Na mkaguzi? Hakuona?"

Kwa Rula, kusema ni kumzamisha Twiga. Kunyamaza ni kuficha tena.

"Muulize mwenyewe, Bosi. Ila ujue alikuja kuniambia, mimi nikamzuia. Na sasa hivi ameegemea mlango ule kwa mgongo wake."

"Na kwa nini ulimwekea mwenzako mtego?"

"Anabaki mmoja. Tumeambiwa."

"Nani kasema?"

Jicho lilimponyoka Rula kupitia kioo. Dada wa mapokezi aliinama ghafla kutafuta kitu chini ya meza, akakaa huko muda mrefu.

"Wa mwaka jana aliondoka kwa sababu aliolewa mbali," alisema Bosi polepole. "Wa mwaka juzi alipata kazi nzuri kuliko hii. Niliwafundisha msiamini milango. Sikuwafundisha la watu, nalo ni kosa langu. Lakini wewe umeweka kifo kwenye karatasi kwa makusudi, mama. Siwezi kukuthibitisha. Unaanza majaribio upya, kama umeingia leo. Twiga nitaongea naye. Bahasha zisizo na jina zimekwisha. Mtakaguana mezani, uso kwa uso."

"Sawa, Bosi."

"Ukitaka kuacha, nitaelewa."

"Siachi."

Alirudi chuoni na saini. Wazazi walipomaliza kutoka, seremala akang'oa bawaba, akageuza, akafunga upya, huku akilalamikia vanishi yake. Rula akaingia ndani, Twiga akabaki nje.

"Sogea," Rula alimwambia kupitia ufa. "Nasukuma."

"Nimeshasogea."

"Umesogea kweli?"

"Rula, sukuma, mwanao anakusubiri!"

Hakusukuma. Alifungua kidogo, akachungulia kwanza, akamwona Twiga amesimama mbali kabisa, karibu na uzio, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Alitaka kucheka, akajizuia. Akaurudisha mlango, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaukimbilia kwa bega lote.