Viatu vya Yaya Bahati

Sisi tuliokulia Phillips, kusini mwa Minneapolis, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, hatukuhitaji simu kutuambia kwamba majira ya joto yamefika. Tulisikia magurudumu. Nyuma ya jengo letu palikuwa na uwanja wa magari ambao hakuna aliyeegesha, lami imepasuka pasuka, na hapo watoto wa Kikongo, wa Kisomali na wa Kimeksiko tulikimbizana na viatu vya magurudumu vya msaada wa makanisa, kila mmoja na namba isiyo ya mguu wake. Tulivaa soksi mbili mbili ili vikae. Ukianguka na goti likachubuka, mkubwa wako alikupaka mate, ukarudi mchezoni. Siku hizi mtoto anavalishwa kofia ngumu, vikinga vya magoti na vya viwiko, na kabla hajasimama ameshachoka, anaomba kurudi nyumbani.

Nayakumbuka haya kwa ajili ya kaka yangu, Bahati. Wadogo tulimwita yaya Bahati, kwani sisi watu wa Uvira, kule Kongo, ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu. Ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote pale nyuma ya jengo. Hoki ya barafu ilikuwa ya watoto ambao baba zao waliwapeleka mazoezini alfajiri kwa magari makubwa. Hoki ya magurudumu haikudai mengi, gongo tu na mahali palipo sawa. Basi yaya akacheza pale lamini mpaka akamaliza sekondari, na timu ya kulipwa ya hapa jijini, Korongo, ikamchukua.

Nikisema timu ya kulipwa, msije mkawaza makubwa. Korongo walicheza Richfield, karibu na uwanja wa ndege, katika ukumbi wa barafu ambao majira ya joto haukuwa na barafu. Ndege ikipita, mabati yalitetemeka na mwamuzi alisubiri kelele ziishe ndipo apulize filimbi. Golikipa, Rick, aliendesha basi la shule. Nahodha, Erik, alikuwa ameanzia kwenye barafu mpaka bega likamharibikia, na mchana aliuza matairi. Yaya alipanga maboksi kwenye ghala. Lakini wakishavaa zile jezi za kijivu na kuingia uwanjani wakiwa wameinama, magongo chini, hungesema ni watu waliotoka kazini na mikate yao kwenye mifuko. Mimi niliwaona wakubwa kuliko marais.

Kanisani kwetu watu walisikia neno moja tu, mchezaji wa kulipwa, wakahitimisha kwamba yaya ameshatajirika. Mchungaji akampa kiti cha mbele. Akina mama wakashona kitenge cha sare, cha kijivu, wakaja Richfield wote kwa basi, na yaya akifunga bao wanapiga vigelegele mpaka wazungu waliokaa kimya na soda zao wanageuka kutazama moto uko wapi. Baada ya mwezi, wale wazungu nao wakaanza kujaribu vigelegele. Vilikuwa vibaya sana, lakini walijaribu.

Sasa niwaeleze habari ya Mama na viatu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hatujaletwa huku, vumbi lilikuwa jekundu na liliingia kila mahali. Mama aliamini kwamba watu huanza kukudharau miguuni. Kwa hiyo kila Jumamosi aliviosha viatu vya nyumba nzima, ndani na nje, kwa sabuni ya unga na brashi, huku akiimba. Tulipofika Minneapolis, ambako hakuna vumbi la kusemwa, hakuacha. Viatu vya Baba vya kazini, raba zetu za shule, hata ndala, vyote viliingia beseni. Ukimwambia ni visafi alikujibu, "Usafi wa jana njo uchafu wa leo," njo yetu ikiwa ndiyo ndio yenu. Jumamosi zetu zilinuka sabuni.

Msimu wa pili wa yaya, kocha aliwaambia kwamba wageni wangekuja kutazama mechi ya Jumapili. Walitoka kwenye timu kubwa ya huko magharibi, timu ambayo wachezaji wake hawakuwa na kazi nyingine ila kucheza, na walitaka mtu mmoja. Kila mtu Richfield alijua ni nani. Erik mwenyewe alimshika yaya begani, akamwambia aanze kufunga mizigo. Mama alifunga kula kwa ajili ya Jumapili ile. Yaya alianza kulala vizuri, na mtu aliyelala chumba kimoja na wadogo zake watatu hawezi kuficha jambo kama hilo.

Jumamosi yaya alikuwa ghalani tangu asubuhi. Mama akafungua begi la mchezo la yaya, ambalo hakuwahi kulifungua, akavitoa vile viatu, akaguna. Vilikuwa na jasho la mwaka mzima. Akavizamisha kwenye beseni, vizima vizima, magurudumu na yote, vikalowa mpaka mchana. Akavisugua kila mahali, akazungusha kila gurudumu mpaka maji yakatoka meusi, akafurahi kuyaona meusi. Akavianika balkoni, kisha akavifunga kwa kitambaa cheupe na kuvirudisha begini. "Mutoto wangu hataenda mbele ya batu na viatu vya vumbi," aliniambia. "Hapana. Watamuona propre, musafi." Yaya alirudi amechoka, akala, akalala. Begi hakuligusa, lilikuwa limeshafungwa.

Jumapili mchungaji alimwita mbele, akamwombea, akampaka mafuta kwenye paji la uso. Hata leo nikikumbuka nacheka peke yangu, kicheko kisicho na raha. Mafuta yalikuwepo, jamani. Yalikosea mahali pa kupakwa.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya benchi la wachezaji yaya alipofungua kile kitambaa. Viatu viling'aa. Akazungusha gurudumu kwa kidole, likalia kama mlango mbovu, likasimama. Akazungusha jingine. Sabuni ilikuwa imekula grisi yote, na beringi, vile vyuma vidogo vya ndani vinavyozungusha gurudumu, zilikuwa zimeanza kushika kutu. Rick akaja, akatazama, akauliza nini kimetokea. Yaya akageuza uso juu jukwaani, akamwona Mama ndani ya kitenge chake cha kijivu, anampungia mkono. Akamwambia Rick hajui.

Wakakusanya beringi za akiba, zikatosha kiatu kimoja. Mwishowe Erik akampa viatu vyake vya zamani, vyembamba, vidogo kwa namba nzima. Yaya akacheza navyo. Niliona akiwahi pasi akiwa amechelewa, akigeuka kwa maumivu, akianguka mahali ambapo hakuwahi kuanguka. Akina mama walipiga vigelegele hata alipoanguka, kwa kumtia moyo. Wageni walimchukua kijana mmoja wa Saint Paul ambaye hakuwa hata nusu yake.

Nje, pale kwenye maegesho, yaya aliniinamia. "Furaha, ule mambo ya viatu, Mama asijue. Uko naelewa?" Nikamwambia naelewa. Nyumbani akamwambia Mama kwamba wamempenda mwingine, njo vile. Mama akalia, akajilaumu kwamba Jumamosi jioni aliwahi kunywa chai kabla mfungo haujaisha. Kwa miaka mingi aliamini ni ile chai.

Korongo hawakumaliza mwaka uliofuata. Mwenye ukumbi aliufunga, leo ni mahali pa kuhifadhi vifurushi, na malori yanapita pale tulipokuwa tunakatiwa tiketi. Erik alifanyiwa upasuaji wa bega kwa mara nyingine na hakushika gongo tena. Rick bado yuko kwenye basi lake, nilikutana naye Lake Street ameota mvi, akaniuliza kama yaya anacheza. Yaya anafanya kazi ya kutunza wazee Columbia Heights, anawanyanyua kitandani, anawavisha soksi. Mgongo unamuuma. Hajawahi kusema kwamba anajuta, na mimi ningependa siku moja aseme, apige hata meza.

Ana binti, Neema. Mtoto huyu anaelewa kila neno la Kiswahili na anajibu kwa Kiingereza, hata akiitwa kula. Majira ya joto yaliyopita aliomba viatu vya magurudumu, yaya akamnunulia vipya. Mama, ambaye sasa anaishi nao, alivikuta mlangoni Jumamosi vina matope, akaleta beseni. Nilikuwepo, nimekuja kuwasalimia.

Yaya alimwona akimimina sabuni. Akainuka haraka kuliko nilivyomwona akiinuka miaka yote hii, akachukua vile viatu, akakaa chini na kifungulio kidogo, akaanza kung'oa magurudumu moja moja. Akayaweka kando juu ya gazeti. Kisha akampa Mama viatu vitupu.

"Mbona unayatoa?" Mama akauliza.

"Hayapendi maji, Mama. Yanashika kutu ndani."

Mama akaanza kusugua. Akasugua kidogo, akaacha. Mikono yake ilibaki ndani ya povu. Akayatazama yale magurudumu juu ya gazeti, akamtazama yaya.

"Na vile vyako," akasema, "vya ile Jumapili. Nilitoa magurudumu?"

Mimi nilitazama dirishani. Nilimsikia yaya akiweka kile kifungulio chini.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Uliyatoa. Mimi mwenyewe niliyarudisha."

Mama alivimaliza vile viatu bila kuimba, akavisuuza, akaviweka juani, akaenda chumbani kwake kabla ya chakula.

Enzi zetu Jumamosi ilinuka sabuni ya unga na viatu vilivyolowa, na tulimlalamikia Mama kwamba vimebana vikikauka. Siku hizi Neema anapangusa vyake kwa karatasi yenye unyevu ya kutoka dukani, dakika mbili, kwisha. Beseni liko chini ya sinki, kavu. Tangu siku ile Mama hajaomba kiatu cha mtu yeyote.